Maua Yaliyofumba

Mto ulikuwa unapumua. Mama, fundi wa magodoro, aliubonyeza kwa kiganja kama alivyozoea, nao ukajaa taratibu, ukashuka, ukajaa tena. "Uzee huu," akajisemea, akaendelea kushona.

Nani angemlaumu? Binti yake wa pekee alikuwa na kifua kibovu, na vumbi la sufi, hilo hilo lililowalisha, lilimkohoza mpaka akawa analala ameketi, mgongo ukutani. Kwa hiyo shemeji, mpagazi wa mlimani, alipobwaga gunia la maua meupe ya kule juu inakoishia miti, makavu, laini, yasiyo na chembe ya vumbi, mama wa watu alilia.

"Shemeji, umeniokoa!"

"Nipe chakula tu, shemeji. Mgongo wangu huu si wangu tena."

Maua yakajazwa kwenye mto wa binti, naye akaulalia chali, hakukohoa hata mara moja. Mama akamshukuru Mungu mapema mno, maskini. Maana mto ulianza kuwa na baridi ya maji ya kisima, na chumba kikanuka asali, na kila jua lilipozama, ndani ya mto palisikika mchakacho wa vitu vidogo vidogo vikijikunja, na binti naye akazimika papo hapo, asiamke umwite, umtikise, ummwagie maji, mpaka jua lipige dirishani, ule mchakacho uanze tena, ndipo afumbue macho na kumtazama mama yake kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mama akamvuta shemeji uani. "Maua yale," akanong'ona, "uliyachuma vipi?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Jioni. Yalishafumba."

"Kwa hiyo?"

"Sisi wapagazi ua likifumba hatuligusi. Linafumba na mwenyewe ndani. Ila yaliyofumba hayapukutiki njiani, shemeji, nikaona..."

"Mwenyewe nani?"

"Punguza sauti."

"Ukamletea mwanangu kichwani! Mwanangu!" Akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye shemeji akasimama tu, akapigwa.

Mganga alikuja mchana. Aliuweka mto juani, akafumua mshono. Maua yakafunguka yote kwa pamoja, nao wakachungulia.

"Matupu," mganga akasema. "Ametoka."

Mama akapiga vigelegele. Mganga hakumsikia, alikuwa anamtazama binti aliyeketi kizingitini. Wingu likapita mbele ya jua. Maua yakafumba, na binti naye akafumba: vidole, midomo, kope, vyote mara moja.

Mganga akaanza kufunga mkoba wake.

"Baba, usiondoke. Chukua cherehani, chukua nyumba!"

"Mto nimeufungua, mama," akasema kwa upole. "Huyu hana mshono."

Tangu hapo binti huamka na jua. Hutabasamu, hula kidogo, hamjui mtu. Siku za mawingu haamki kabisa. Kifua chake kimepona, na majirani humpongeza mama kwa hilo.

Jioni mama humlaza, akamwekea sikio kifuani, akiomba asikie kikohozi, hata kimoja tu, kile cha zamani. Hakisikii. Husikia mtu mle ndani akijigeuza, akitafuta upande mzuri wa kulalia.