Bure Mpaka Lini?

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni alipotaka kulipia bitana ya suti ya mteja. Simu ikamjibu: salio halitoshi.

Akatema pini. "Haiwezekani."

Jana pesa zilikuwepo. Na kwa wiki kadhaa zilikuwa zikipungua kidogo kidogo, naye akanyamaza. Simu hiyo ilishikwa na watu wawili tu: yeye na wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nao, akimtania kila asubuhi na kumnunulia uzi kwa simu hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Bila hata kuuliza, akaumwaga mkoba wa wifi sakafuni. Kitana, leso, kipande cha sabuni. Pesa hakuna.

"Wifi, unanipekua?"

"Pesa zangu zinaliwa, na mlaji yumo humu humu."

Wifi akaingia chumbani. Akaanza kukunja nguo zake, moja moja.

Fundi akaichukua simu, akaenda kuuliza pesa zilikokwenda kwa jirani yake, mama muuza simu, mtu wa utani mwingi. Lakini mama huyo alipousoma ujumbe wa malipo, hakutania.

"Pesa zinakatwa na programu ya mitindo ya nguo. Kila wiki."

"Ile? Ile ilikuwa ya bure."

"Bure ya kujaribu, siku saba. Baada ya hapo unalipa. Waliandika chini kabisa, kwa herufi za sisimizi."

"Lakini niliifuta siku ya pili, kwa mkono wangu."

"Ulifuta picha yake, mwenzangu. Makubaliano yalibaki. Mteja wako akichana risiti, deni lake limekufa?"

Fundi akakaa juu ya kreti. Hata pesa hakuziwaza tena. Alimwaza wifi yake, na mkoba ule alioumwaga sakafuni.

"Nionyeshe pa kuzuia," akasema kwa sauti ndogo.

"Fungua duka la programu. Bonyeza picha yako, pale juu. Ingia kwenye malipo na usajili. Umeiona? Sasa sitisha. Zilizokwishakatwa, omba urudishiwe. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa." Muuza simu akamrudishia simu. "Kuuza programu si kosa, kazi ya mtu hulipwa. Lakini muuzaji wa haki hukutajia bei waziwazi, na siku ya kuanza kukata, kabla hujakubali. Asiyetaja, mwache na chake."

Fundi alimkuta wifi mlangoni, mkoba begani.

"Wifi, mwizi nilimkaribisha mwenyewe. Nilibonyeza bila kusoma. Nimekukosea vibaya mno."

Wifi akaukaza mkoba begani. "Ungeniuliza tu."

"Ilinipasa kukuuliza. Nisamehe."

"Na kama jirani asingekuwepo? Ningekwenda wapi na jina la mwizi?"

Fundi machozi yakamtoka. Wifi akashusha mkoba, akaingia ndani.

Pesa ziliacha kukatwa wiki hiyo hiyo. Siku hizi, kabla ya kukubali programu yoyote, hukaa wote wawili wakasoma bei na tarehe. Lakini utani wa wifi, ule wa kila asubuhi, ulichukua mwezi mzima kurudi.