Mkono wa Kukhu

Mchana ule Kitale ilikuwa Kitale ya siku zote: mvua ya mlimani ikinyesha, matope yamejaa mlangoni, na Nabwile akipanga kadi za harusi katika duka la uchapishaji alikoajiriwa. Kazi ilipopungua, alifanya jambo linalomtafuna mpaka leo.

Alitengeneza tangazo la kifo cha mtu aliye hai.

Mtu mwenyewe alikuwa bibi yake, Kukhu Nekoye, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kukhu alikuwa hoi kitandani huko Bokoli, akimuulizia kila uchao. Nabwile alijibu vilevile kila mara: "Nakuja wikendi, Kukhu." Wikendi zikaja, zikapita. Lakini siku hizi kila msiba una picha yake inayocheza, na mjukuu ambaye ni fundi wa picha atawaachaje binamu zake wamtangulie kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp? Heri mapema, alijiambia. Mapema gani hiyo, jamani!

Alichukua video ya Krismasi, Kukhu akimpungia mkono langoni. Akaikata, akabaki Kukhu langoni kati ya migomba, mkono ukienda na kurudi bila kikomo. Chini akaweka mshumaa na maneno: Lala salama.

Alipoifungua kama picha za kawaida, ilikataa kucheza. Akaifungua kwenye kivinjari cha intaneti. Papo hapo mkono ukaanza kupunga.

"Si huyo bado ni mzima?" alinong'ona Wamboi, mwenzake wa dukani. "Funga hiyo kitu, bana."

Nabwile alicheka. Akaiacha ikicheza, akarudi kwenye kadi zake.

Simu ikalia. Alikuwa Hillary, binamu yake aliyekuwa akimuuguza Kukhu.

"Nabwile, kuna kitu hapa sielewi," alisema kwa sauti ya chini. "Kukhu ameanza kupunga mkono. Tunaushika, unatuponyoka. Analia ati amechoka."

Nabwile alitazama kioo cha kompyuta. Mkono ulienda. Ukarudi.

"Ameanza lini?"

"Saa hii tu. Na anakuita wewe. Ati umwache apumzike."

Alisogeza kishale hadi kwenye alama ya kufunga. Kidole kikasita. Akifunga, utatulia mkono peke yake? Au na pumzi zake?

Sauti nyembamba ikapenya simuni. "Nabwile, mama. Mkono unauma."

Akafunga.

"Umetulia," alisema Hillary. Kisha vilio vya wanawake.

Kukhu alizikwa Jumamosi. Nabwile alifika Bokoli wikendi, kama alivyoahidi. Alilia kuliko wote, watu wakamsifu kwa mapenzi yake, na kila sifa ilimchoma. Hakumwambia mtu ila mwenzake wa dukani. Yote haya tumeyapata kwa Wamboi.

Aliporudi dukani, aliifungua picha ile mara moja tu, apate kuhakikisha kuwa ndiyo yenyewe kabla ya kuifuta. Mshumaa ulikuwa ukiwaka. Migomba ya langoni ilikuwa ikitikisika. Lango, lililokuwa limefungwa siku ile ya Krismasi, lilikuwa wazi.

Kukhu hakuwapo.

Nabwile alizima kompyuta. Kwenye kioo cheusi kukabaki alama ya kiganja, vidole vimetanuka. Wamboi ameisugua kwa maji, kwa sabuni, kwa spiriti. Haitoki. Iko upande wa ndani.