Pumzi Nyuma ya Feni

Feni mpya ya kompyuta haikuwa na kelele hata kidogo. Ndiyo maana Mutindi aliisikia ile pumzi.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Kyuso likikaanga mabati, naye alikuwa mezani akichapa programu ya mazishi ya mzee mmoja wa kanisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nyuma ya kompyuta kitu kilivuta hewa, kikakwama, kisha kikaitoa polepole kwa mluzi mwembamba.

Aliujua mluzi ule. Ulikuwa wa kifua cha mumewe, Kaloki, na Kaloki alikuwa na miezi miwili kaburini.

Siku aliyokufa, Kaloki alikuwa amelala kitandani hatua tatu tu kutoka pale mezani. Mutindi alikuwa akichapa, na feni ya zamani ilikuwa ikinguruma kama kinu cha posho. Alipogeuka, mkono wa mumewe ulikuwa umenyooshwa kuelekea mgongo wake, na mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa amemwita. Mutindi hakumsikia.

Kwa hiyo baada ya matanga alibeba kompyuta hadi Kitui mjini, kwa fundi Gichuru.

“Shida ni hii ndogo, mama,” Gichuru alimwambia. “Inazunguka mbio kama imefukuzwa na nyuki, lazima ilie. Chukua hii kubwa. Inasukuma hewa ile ile, lakini pole pole.”

“Hebu niisikie.”

Akawasha moja, Mutindi akainamisha sikio. “Inakwaruza.”

“Hiyo beringi imekauka. Weka sikio kwa hii. Ukisikia kitu, sichukui pesa yako.” Akacheka. “Kwani unataka kusikia panya wakiongea, mama?”

Mutindi hakucheka. Alichukua ile kubwa.

Sasa alinyoosha mkono, akachomoa waya ukutani. Feni ikasimama. Pumzi haikusimama. Harufu ya mafuta ya mkaratusi, yale aliyokuwa akimpaka mumewe kifuani, ikajaa chumbani, na chini yake harufu ya udongo uliochimbwa.

Jioni hiyo alimwendea Mama Syombua, kiongozi wa maombi ya akina mama.

“Mwaitu, Kaloki amerudi. Namsikia akipumua nyuma ya kompyuta,” alinong’ona, akimwita mama kama wanavyoitana Wakamba.

“Kaloki amelala kwa Bwana. Hilo ni jini. Lilikuwa humo nyumbani yeye alipokata roho, likajifunza pumzi yake.”

“Ananiita, mwaitu. Siku ile sikumwitikia.”

“Likuite mpaka lichoke!” Syombua alimshika mkono, akashusha sauti. “Sikiza, mwanangu. Kesho tutaomba, lakini wewe mwenye nyumba ndiye utaliambia litoke. Na usilitaje kwa jina la mume wako. Ukiliitikia kama Kaloki, utakuwa umelikaribisha ndani yako, na hapo mimi sina maombi ya kulitoa.”

Mchana uliofuata akina mama watatu walizunguka meza. Waliimba, wakapiga makofi, na Syombua akaomba kwa sauti kuu, macho yamefumbwa, jasho likimtoka. Nyuma ya kompyuta iliyozimwa ile pumzi ikaanza kuhangaika. Ikavuta, ikakwama, ikavuta tena, fupi zaidi, na Mutindi akasikia kati ya makofi na haleluya mluzi ukipanda na kukatika kama ulivyopanda na kukatika ile wiki ya mwisho, akasikia kucha zikikwaruza mbao kama mtu anayetafuta mahali pa kushika, akajua kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa nyuma ya mgongo wake siku ile huku yeye akichapa jina la marehemu wa watu wengine, na kwamba neno alilopaswa kusema, *toka*, neno fupi tu, lilikuwa tayari ulimini.

“Mwambie!” Syombua alipaza sauti. “Mwambie sasa!”

Mutindi aliinama.

“Kaloki,” alisema kwa sauti ya chini. “Niko hapa.”

Pumzi ikakoma. Akina mama wakafumbua macho. Harufu ilikuwa imekwisha.

“Limetoka?” Syombua aliuliza.

“Limetoka.”

“Umeliambia?”

“Nimeliambia, mwaitu.”

Wakamkumbatia, wakaimba wimbo wa shukrani, wakaenda zao wakiwa wamechoka na kufurahi. Mutindi alikaa mezani, akaiwasha kompyuta. Taa yake ndogo ilimulika. Hakikusikika chochote. Alizuia pumzi ili asikilize vizuri, kama alivyopaswa kumsikiliza siku ile.

Hakuna kitu nyuma ya kompyuta. Hakuna kitu kitandani.

Akamshukuru Mungu moyoni, akataka kuvuta hewa. Kifua hakikuinuka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akafungua mdomo, akangoja, macho yakimtoka, mpaka ndani yake mtu mwingine, bila haraka, akavuta kwanza.