Kisanduku cha Arobaini na Moja

Fundi alihesabu mara tatu, na mara zote tatu skrini ilimkatalia. Visanduku vya mtandao alivyofunga juu ya mapaa ya mtaa vilikuwa arobaini. Ramani ilionyesha arobaini na moja.

"Labda kimoja kimezaa, fundi," alitania mwenzake wa zamu, mwanamke asiyeishiwa mizaha waliyemwita Mama Waya.

Fundi hakucheka. Visanduku hivyo vilipokezana simu na ujumbe wa watu, paa hadi paa, kila kimoja kikichagua kisanduku jirani chenye njia fupi. Naye, kwa uvivu wa kupanda ngazi tena, alikuwa ameviacha bila nenosiri: jirani yeyote atakayebisha hodi apokewe. Basi alikuwapo aliyebisha, asiye na paa wala waya, akidai kuwa njia yake ni fupi kuliko zote. Mtaa mzima ukawa unapitia kwake.

Siku ya tatu mke wa kinyozi akawa bubu. Akafuata muuza maji. Madaktari hawakuona kitu. Lakini ukiwapigia simu mabubu hao, sauti zao zilipokea kwa uchangamfu, zikauliza umekula nini, nyumbani yuko nani, huku wenyewe wameketi mbele yako wakitokwa machozi, midomo imefumbwa.

Fundi akamwaza binti yake wa miaka mitano. Walimwita Kasuku, maana aliongea hata na viatu. Akatuma mganga aitwe.

Mganga alikuja adhuhuri, mama mkavu asiyependa salamu ndefu. Hakufukiza chochote, ila chumba cha mitambo kilianza kunuka nywele zilizoungua. Mama Waya akajiziba pua, mizaha yote imemwisha.

"Huyu ulimkaribisha mwenyewe," mganga alinong'ona. "Zima vyote kwa mpigo. Usibakize hata kimoja, atakimbilia hicho."

"Nikizima vyote, mke wangu nitampataje?"

"Kwa miguu. Zima, mwanangu."

Akazima thelathini na tisa. Cha nyumbani kwake akakiacha, dakika moja tu, ampigie mkewe simu atoke na mtoto.

"Mchukue Kasuku, tokeni nje sasa hivi!"

"Kuna nini, baba Kasuku? Si huyu hapa anaimba..."

Kwenye skrini nukta ya arobaini na moja ilisogea polepole, ikakaa juu ya nukta ya nyumbani kwake, zikawa moja. Mganga akafumba macho. Fundi akabonyeza, na ramani yote ikawa nyeusi.

Alikimbia bila viatu, akapita kwa kinyozi, akapita kwenye mapipa ya muuza maji, akijiambia kwamba dakika moja si kitu, kwamba mtoto alikuwa anaimba, kwamba amemsikia mwenyewe kwa nyuma akiimba, na harufu ile ya nywele ikamfuata kona hadi kona mpaka ikamtangulia mlangoni.

Mkewe alikuwa kizingitini amempakata Kasuku. Mtoto alikuwa ameachama, mishipa ya shingo imemsimama, analia kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichosikika.

Mtaa mzima haukuwa na mtandao. Simu ikaita mfukoni mwa fundi.

"Baba," ilisema sauti ya Kasuku, changamfu kabisa, "umekula nini leo? Nyumbani yuko nani?"