Tarishi Aliyezikwa Kisha Akaomba Sukari

Likizo ile Sindano aliamka kila asubuhi kabla hajaitwa. Alifagia chumba cha mbele, ambacho baba yake alikifanya karakana ya ushonaji, akaokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani, akanywa chai yake harakaharaka, kisha akasimama mlangoni akimtazama baba kwa macho ya kuomba ruhusa.

"Nenda, nenda," baba alisema huku amebana pini mbili midomoni. "Maktaba imekuroga, mwanangu. Zamani nilikuwa nakutafuta uwanjani, siku hizi nakutafuta kwenye vitabu!"

Jina la Sindano alipewa na wenzake kwa sababu ya vidole vyake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alipitisha uzi kwenye tundu la sindano huku akipiga soga, bila hata kutazama. Watu wazima waliokuja kupimwa nguo walimwangalia wakatikisa vichwa kwa mshangao.

Maktaba yenyewe lilikuwa jengo dogo la bati jekundu kati ya zahanati na duka la vifaa vya ujenzi. Mkuu wake alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na vijana wote walimwita Mama Maktaba. Mama huyu alikuwa na akili ya kupigiwa makofi. Wengine wangewakusanya vijana likizoni wakawaambia wakae kimya. Yeye aliwapa kazi. Asubuhi walisoma, na mchana meza ndefu iligeuka hospitali. Vitabu vilivyochanika au kung'oka majalada viliitwa wagonjwa, na vijana wakaitwa madaktari. Walikoroga gundi ya unga, wakatoboa karatasi kwa msumari mwembamba, wakashona, kisha wakaviweka vitabu chini ya matofali yaliyofungwa kwa magazeti hadi vikauke.

Hospitali hiyo ilikuwa na sharti moja. "Hakuna daktari anayemtibu mgonjwa asiyemjua," Mama Maktaba alikuwa akisema. "Soma kwanza, ndipo ushone."

Kwa kushona, Sindano hakuwa na mpinzani. Mishono yake ilinyooka na mafundo yake hayakuonekana. Wenzake walipokuwa wakihangaika na kitabu kimoja, yeye alikuwa ameshaweka vitatu chini ya matofali. Wageni walipokuja, Mama Maktaba aliwaonyesha kazi yake, naye alijifanya hasikii huku masikio yamesimama. Ila tuseme ukweli wote: hakuvisoma. Aliangalia namba za kurasa tu, akazipanga, akashona. Kusoma kungempunguzia kasi, na kasi ndiyo iliyomletea sifa.

Mambo yakaenda vizuri hadi kilipoletwa kitabu cha tarishi. Kilikuwa kitabu kinene kuhusu mzee mmoja aliyepeleka barua vijijini kwa miguu maisha yake yote. Uzi wake ulikuwa umeoza, na panya walikuwa wametafuna pembe za chini, mahali penye namba. Sindano alipokifungua, feni ilipeperusha karatasi zote zikatapakaa sakafuni. Aliziokota. Namba hazikuwapo. Akafikiri kidogo, akafanya kile ambacho mtoto wa fundi wa nguo peke yake angekifanya: alizipanga kwa kulinganisha alama za meno ya panya, ukingo kwa ukingo, kama baba yake alivyolinganisha vipande vya kitambaa. Zilipokaa sawasawa, alizishona. Mshono ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kushona.

"Hiki ndicho kitakachosomwa siku ya kufunga likizo," Mama Maktaba alisema huku akipapasa jalada jipya. "Na msomaji atakuwa Kimya."

Vijana waligeuka. Kimya alikuwa msichana wa rika la Sindano, mpole mno, ambaye kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo lilikuwa jambo la kusimulia nyumbani. Alilelewa na bibi yake. Hakuwahi kusoma mbele ya watu, lakini aliitikia kwa kichwa, akakichukua kitabu kwa mikono miwili. Jioni hiyohiyo bibi yake aliwatangazia majirani wote kwamba mjukuu wake atasoma hadharani.

Siku chache kabla ya sherehe, Kimya alimfuata Sindano nje, kwenye bomba la maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sindano, wewe ndiye uliyeshona hiki, kwa hiyo umekisoma. Naomba unieleweshe."

"Kuna nini?"

"Ukurasa huu tarishi anazikwa, watu wote wanalia. Nafunua unaofuata, ameketi barazani anaomba aongezewe sukari kwenye chai. Halafu anaoa. Nimesoma mara tatu. Labda kuna fumbo hapa la watu wenye akili, mimi silioni."

Kicheko kilimpanda Sindano, akakizuia. Alielewa mara moja. Mzee wa watu hakuwa amefufuka. Ni yeye Sindano aliyemzika mapema.

"Usijali," Kimya aliendelea, maana alidhani mwenzake anamwonea huruma. "Nitamwambia Mama Maktaba atafute mtu mwingine. Mimi kusoma siwezi, najidanganya tu. Bibi atasikitika, lakini atazoea."

Akaanza kuondoka. Njia ya kuponea ilikuwa wazi kabisa mbele ya Sindano. Angenyamaza tu, Kimya angejitoa, kingeletwa kitabu kingine, na sifa zake zingebaki palepale. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona msichana yule akitembea huku amekumbatia kitabu ambacho hakikuwa na maana, akijiona mjinga kwa kutokielewa, na aibu ikamchoma.

"Ngoja!" alipaza sauti. "Usiende peke yako. Twende wote."

Mbele ya meza ya Mama Maktaba maneno yalimtoka kwa shida. "Mama, Kimya hana kosa. Kurasa nimezichanganya mimi. Sikukisoma. Hiki sikukisoma, na... na vile vingine pia."

"Vyote?" Mama Maktaba aliuliza.

"Vyote, Mama. Niliangalia namba tu."

Mama Maktaba alivaa miwani, akafungua kitabu katikati, akasoma, akafunua, akasoma tena. Mdomo wake ulicheza kidogo alipofika kwenye sukari, lakini hakucheka. "Na mimi nilitazama mshono, sikutazama maneno," alisema polepole. "Nimepumbazwa na uzuri wa kazi. Haya. Mkasi uko kwenye droo ya pili."

Kimya alikuwa bado amesimama, akimtazama Sindano kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Kwa hiyo," aliuliza, "nilikuwa sielewi kwa sababu hakieleweki?"

"Hakieleweki hata kwa aliyekiandika!" Sindano akajibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile Kimya akacheka.

Kuikata mishono ile kulimuuma Sindano kuliko alivyotarajia. Aliikata mmoja mmoja, karatasi zikatandikwa sakafuni, na feni ikazimwa. Hapo ndipo mambo ya ajabu yakaanza. Kimya, ambaye alikuwa amekisoma kile kitabu mara tatu huku akijilaumu, alikuwa ameshika karibu kila sentensi. Sindano alisoma mstari wa mwisho wa karatasi, na kabla hajavuta pumzi Kimya alishainyakua inayofuata.

"Hapa anapoteza kofia mtoni. Ile ya kofia kupatikana iko pale, karibu na mguu wa kiti. Hapana, ya pili. Ndiyo hiyo."

Vijana wengine waliacha kazi zao wakazunguka kutazama. Hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza hivyo, kwa uhakika na bila kuinamisha kichwa. Mama Maktaba naye alivua viatu, akakaa chini pamoja nao. Mkanganyiko uliokuwa umemliza, msichana yule aliufumua kwa mchana mmoja, na wote walimtazama kwa heshima mpya.

Kabla ya kushona upya, Sindano alikaa dirishani akakisoma kitabu chote. Alishangaa kukuta kwamba ni kizuri. Alipofika penye maziko alilazimika kufuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi.

Siku ya kufunga likizo viti havikutosha. Kimya alisimama mbele, akakifungua kitabu, akaanza kusoma sehemu alizozichagua. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie, na walipokwisha kunyamaza hawakutaka kuzungumza tena. Walicheka tarishi alipoomba sukari. Alipozikwa, baba yake Sindano, aliyekuwa amesimama ukutani, alipenga kamasi kwa kishindo. Kila jambo lilifika mahali pake. Makofi yalidumu hadi wagonjwa wa zahanati ya jirani wakachungulia madirishani.

Watu walipoanza kutawanyika, bibi yake Kimya alimkaribia Sindano akijikokota kwa fimbo.

"Wewe ndiye uliyekishona?"

"Shikamoo, bibi. Ndiyo. Nilikishona mara mbili."

"Marahaba. Mara mbili kwa nini?"

Angeweza kujibu kwamba uzi ulikatika. Badala yake alivuta kiti, akamketisha bibi, akamweleza yote, kuanzia meno ya panya hadi mkasi.

"Basi ndiyo maana," bibi alisema. "Kuna jioni alirudi nyumbani akaniambia, bibi, mimi sina akili. Alilia hadi chakula kikapoa."

Sindano aliinamisha kichwa. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Lakini shika neno hili, mjukuu wangu. Kosa ukilificha halipotei. Linakwenda kwa mwingine, naye analibeba akidhani ni lake. La kwako lilikwenda kwa mtoto wangu, ukalifuata ukalichukua. Watu wazima wengi hawawezi." Akageuka kumtazama Kimya, ambaye alikuwa amezungukwa na watoto wakimwomba awasomee tena. "Leo amenisomea mimi nisiyejua kusoma, na nimeelewa kila neno."