Gauni Tayari, Vifungo Bado

Kila Jumamosi asubuhi, binti wa fundi cherehani alijibu "Tayari!" kabla hata swali halijaisha. Umeosha vyombo? Tayari, yaani ameviloweka. Umefagia? Tayari, yaani ufagio ameshauona! Kaka yake alimbandika jina la Bi Tayari, na yeye wala hakununa.

Jumamosi hiyo mama alikwenda kununua uzi. Alimwachia Bi Tayari gauni jeupe la harusi ashone vifungo vya mgongoni. Mara simu ya mama ikalia mezani.

"Fundi, gauni langu vipi? Naolewa mchana huu, jamani!"

"Mama ametoka, dada, lakini gauni tayari!" Bi Tayari alijibu, macho kwenye katuni. Vifungo vilikuwa bado vimo ndani ya pakiti yake.

Haukupita muda, bibi harusi akaingia mbio na kandambili, rola zimejaa kichwani. Alilivaa gauni, akajigeuza mbele ya kioo. Lo! Mgongo wote ulikuwa wazi.

"Mungu wangu! Hii ndiyo tayari?"

"Nilimaanisha... mikono imeshaungwa, dada."

"Saluni nimeikimbia nusu kichwa kwa ajili yako!" Bibi harusi akaangua kilio. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama aliporudi, hakupoteza muda kuuliza. "Utalia baadaye, bibi harusi. Wewe, shika sindano!" Mama akaanzia juu, binti akaanzia chini.

"Usipumue, dada, nitakuchoma!"

"Nisipumue mpaka lini?"

Walikuwa wanamalizia kifungo cha mwisho simu ya bibi harusi ilipolia. Akaiweka kwenye spika; alikuwa bwana harusi. "Mpenzi, niko njiani!" alisema kwa madaha, na nyuma yake maji ya bafuni yakisikika chwaa.

"Njia gani? Umeshavaa suruali?"

Maji yakafungwa. Kisha sauti ikasema kwa unyonge, "Bado."

Wote wakaangua kicheko, bibi harusi akifuta machozi. Binti peke yake aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Nilikudanganya."

Mama alikata uzi kwa meno, akamgeukia. "Mwanangu, 'bado' si tusi. Ukimwambia mtu 'bado', atajua la kufanya. Ukimwambia 'tayari' na kumbe bado, umemwacha mgongo wazi mbele za watu."