Bamba Lililonyamaza

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea na wateja, aliongea na paka, na wote wakikosekana aliliongelesha tanuri. Kazi yake pale ilikuwa moja tu: shangazi akianza kumimina chuma kilichoyeyuka, yeye afungue koki mpaka mwisho, ili maji baridi yaizunguke kwa kasi kalibu ya shaba inayomiminiwa chuma.

"Haraka yote hii ya nini, shangazi?" aliwahi kuuliza.

"Mchanganyiko huu ukipoa polepole, chembe zake hupata nafasi ya kujipanga mistari, na chuma kinakatika ovyo. Ukipoa ghafla, chembe zinaganda shaghalabaghala vilevile zilivyokuwa, kama nyinyi mwalimu akiwafuma mnacheza darasani. Hapo unapata chuma cha namna ya kioo. Ukikikunja kidogo, kinaruka na kurudi kilivyokuwa."

Kila bamba jipya lilipotoka kwenye kalibu, shangazi alidondosha gololi ya chuma juu yake kulijaribu. Kwenye chuma cha kawaida gololi huruka mara chache ikatulia. Kwenye bamba la shangazi iliruka tak, tak, tak, ikaendelea utadhani kuna mtu asiyeonekana anaichezesha. Chiriku alizoea mengi pale karakanani, lakini hilo lilimsisimua mwili kila mara.

Siku moja walitengeneza bamba dogo la kisigino cha mguu wa bandia. Lilikuwa la kaka yake Chiriku, aliyekatwa mguu baada ya ajali, na hamu yake kubwa ilikuwa kushuka ngazi za nyumbani bila mkongojo. Sasa, koki ikifunguliwa mpaka mwisho hurusha maji, na siku hiyo Chiriku alivaa viatu vipya. Akaifungua nusu.

Bamba lilitoka liking'aa kama mengine. Mteja akabisha hodi.

"Lijaribu wewe, mwanangu," shangazi alisema akielekea mlangoni.

Chiriku akadondosha gololi. Tak. Tak. Kimya. Akarudia. Kimya kilekile, kana kwamba kuna kitu kimekufa pale mezani.

"Vipi, linaruka?" shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

"Liko sawa," Chiriku alijibu.

Jioni bamba likafungwa kwenye mguu wa bandia, nao ukasimamishwa kwenye kona ya sebule, umevalishwa kiatu na soksi. Chiriku alikula akiwa ameupa kisogo. Hata hivyo alihisi kwamba mtu amesimama pale nyuma yake, anamsubiri aseme.

"Leo chiriku wetu amemeza nini?" kaka yake alitania. Chiriku akainamia sahani yake.

Kesho yake alikuta karakana imefungwa. Alipogeuka aondoke, akasikia kutoka ndani: tak, tak, tak. Akachungulia penye ufa wa mlango. Ndani hapakuwa na mtu. Gololi ilikuwa ikiruka peke yake juu ya bamba la zamani, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Gololi ikadondoka sakafuni, ikabingirika taratibu hadi mlangoni, ikagonga ubao mbele ya mguu wake.

Chiriku akatimua mbio.

Nyumbani, kaka yake alikuwa juu ya ngazi, mguu mpya umefungwa, na shangazi amesimama kando yake.

"Kaka, usishuke!" alipiga kelele. "Nilifungua koki nusu! Gololi haikuruka! Nilidanganya!"

Kaka yake akakaa chini polepole. Shangazi akalifungua lile bamba, akaliegemeza kwenye ukingo wa ngazi, akalisukuma kwa kiganja. Pa! Likakatika vipande viwili, na kimoja kikaenda kikigonga ngazi za saruji moja baada ya nyingine hadi chini kabisa. Wote watatu walikifuata kwa macho. Chiriku akaangua kilio.

Walirudi karakanani pamoja, Chiriku akisimulia gololi ilivyoruka peke yake. Paka alikuwa amelala kwenye rafu ya gololi iliyo juu ya meza, hana habari.

"Bila shaka ni huyu aliyeidondosha," shangazi alisema. Chiriku alimtazama paka, lakini gololi iliyolala mlangoni aliipita kwa mbali.

Chuma kikayeyushwa upya. Chiriku alifungua koki mpaka mwisho, maji yakamlowesha mpaka soksi, naye hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Nisikilize, mwanangu," shangazi alisema wakisubiri. "Kukosea kwenye koki ningekusamehe palepale, tungeyeyusha tena na kuendelea. Lakini ulijua bamba ni bovu ukaniambia liko sawa, na mimi nikamvalisha kaka yako uongo wako mguuni. Kazi ukiiharibu, sema siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Umesema kwa kuchelewa, lakini umesema, na ndiyo maana kaka yako ni mzima."

Akampa gololi. Chiriku akaiachia juu ya bamba jipya. Tak, tak, tak, tak. Kaka yake akacheka kwa furaha. Chiriku alisikiliza mpaka gololi ilipotulia yenyewe.

"Liko sawa," alisema, na safari hii alimtazama shangazi usoni.